Anayekuja kwa Bega, Tumtazame Anavyotembea

Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu bega mshonaji mmoja kwa miezi minne mfululizo. Alifika na cheti cha rufaa kilichosema kwamba bega lake la kulia limeganda, nami sikuona sababu ya kukitilia shaka. Alikuwa na umri wa miaka 58, hakuwa na kisukari, hakuwa ameanguka wala kugongwa. Bega lilianza kuuma polepole, kisha likawa gumu. Nililipasha joto, nikalinyoosha, nikamfundisha mazoezi ya kufanya nyumbani, na kila baada ya majuma mawili nikapima mkono unainuka kiasi gani. Vipimo vilipanda kidogo kidogo, nami nikaviandika katika faili kwa kuridhika. Yeye alirudia neno moja kila alipokuja: "Daktari, mkono unainuka, lakini kazi haiendi." Nilidhani amepungukiwa na subira.

Siku moja ya mvua nilisimama mlangoni mwa chumba chetu cha fiziotherapia nikisubiri umeme urudi. Nikamwona anakuja kutoka mwisho wa ukumbi, mkewe akiwa kando yake. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipunga kama kawaida. Wa kulia ulikuwa umekunjika kidogo kwenye kiwiko, umetulia ubavuni. Hatua zilikuwa fupi, na wayo wa kulia ulikuwa ukikwaruza sakafu. Alipofika penye kona hakugeuka kama watu wanavyogeuka. Alijizungusha mwili mzima kwa vihatua vingi vidogo, kama mtu anayegeuza kabati. Kwa miezi minne nilikuwa nimemtazama mtu huyu akiwa ameketi kitini au amelala kitandani. Sikuwa nimewahi kumtazama akitembea.

Nilimwuliza mkewe tangu lini. "Mwanangu," akajibu, "huo mkono una mwaka wa pili sasa haumfuati. Nilipomwambia, akasema ni uchovu wa cherehani." Nikauliza zaidi. Choo kilikuwa kigumu kwa miaka mingi. Usiku mzee alipiga kelele na kurusha mateke akiwa usingizini. Miezi michache kabla ya bega kuuma, aliunguza kitenge cha mteja kwa pasi ya mkaa, na hakujua mpaka mkewe aliponusa moshi kutoka uani. Nilimwomba aje na daftari lake la vipimo vya wateja. Kurasa za miaka mitatu iliyopita zilikuwa na tarakimu kubwa zilizonyooka. Za mwaka ule zilianza za wastani mwanzoni mwa mstari, zikazidi kudogoka kadiri mstari ulivyoendelea, hata zile za mwisho hazikusomeka.

Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Daktari bingwa wa mfumo wa fahamu alithibitisha baadaye. Bega lilikuwa mlango tu ambao ugonjwa ulipitia.

Nasimulia kosa hili kwa sababu naamini si langu peke yangu. Hoja yangu katika makala haya ni moja: chumba cha fiziotherapia ni mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo mgonjwa wa Parkinson hufika kabla hajajua anaumwa nini, na kwa hiyo sisi wataalamu wa viungo tuna wajibu wa kuutambua ugonjwa huu mapema na kuanza kuutibu mapema. Tukingoja mpaka mgonjwa aletwe akiwa ameanguka na kuvunjika nyonga, tutakuwa tumechelewa kwa miaka.

Ugonjwa unaojificha nyuma ya uzee

Daktari wa London aitwaye James Parkinson alieleza ugonjwa huu katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1817. Kwa watu wa rika langu, sura yake inayofahamika zaidi ni ya Muhammad Ali, bingwa wa masumbwi aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, na ambaye mwaka 1996 alionekana duniani kote akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Picha ile ilifundisha mengi, lakini pia ilitupa dhana pungufu kwamba asiyetetemeka hana Parkinson.

Kiini cha ugonjwa kimo katika sehemu ya ndani ya ubongo ambamo chembe hai zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Dopamini ni kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuupa ukubwa na kasi inayofaa. Ikipungua, msuli hubaki na nguvu zake, ila amri inayoufikia huwa ndogo kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana hatua hufupika, sauti hushuka, mwandiko hudogoka, na uso hupoteza mabadiliko yake ya hisia. Dalili hizi zinapoonekana, sehemu kubwa ya chembe hizo huwa imekwisha kupotea. Kabla ya hapo, mara nyingi kwa miaka, hutangulia dalili zisizohusiana na mwendo: kufunga choo, kupoteza uwezo wa kunusa, kuigiza ndoto usingizini, na sononeko.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba idadi hiyo imeongezeka maradufu katika muda wa miaka 25. Hapa kwetu tuna ushahidi wetu wenyewe. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Linalopaswa kutukera zaidi ya idadi yenyewe ni kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni upi. Walikuwa wakiishi katika vijiji vyenye zahanati, wakipita mbele ya macho ya watu waliosomea afya.

Walijificha wapi? Walijificha nyuma ya neno "uzee". Mzee akipunguza mwendo, tunasema amechoka. Akiinama, tunasema ni mgongo. Akinyamaza na uso wake ukikosa tabasamu, tunasema ana majonzi au amekuwa mkali. Akitetemeka, jirani atanong'ona kuhusu pombe au uchawi. Na akifika hospitali, anaweza kuandikiwa "kiharusi chepesi", kwa kuwa upande mmoja umelemaa. Uzee hupunguza kasi ya mwili mzima kwa jumla. Kiharusi hupiga ghafla, mara nyingi kwa saa unayoweza kuitaja. Parkinson hufanya jambo tofauti: huanza upande mmoja, huja polepole, na kila mwaka huongeza kidogo.

Dakika tatu za kutazama

Wenzangu watasema, na wana haki kusema, kwamba foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache. Ninachopendekeza hakihitaji mashine wala chumba cha pekee. Kinahitaji dakika tatu na macho yaliyoamua kuona.

Dakika ya kwanza ianzie mlangoni. Usimkute mgonjwa amekwisha kuketi. Mwite, kisha mtazame akija. Je, mikono yote miwili inapunga? Je, hatua zina urefu sawa na visigino vinatangulia kugusa sakafu? Akigeuka, anatumia hatua ngapi? Je, alinyanyuka kutoka kwenye benchi kwa mara moja, au alijaribu mara mbili tatu?

Dakika ya pili ni ya vidole. Mwombe agonganishe kidole gumba na cha shahada kwa upana na kwa kasi awezavyo, mara kumi na tano hivi, mkono mmoja baada ya mwingine. Usihesabu kasi tu, tazama upana. Mtu aliyechoka au mwenye maumivu anaweza kwenda polepole, lakini upana wa mwendo wake hubaki karibu uleule. Kwa mgonjwa wa Parkinson, mwendo huanza vizuri kisha hudogoka hatua kwa hatua, na pengine husita na kukwama. Kudogoka huko ndiko alama muhimu kuliko zote. Tarakimu za mshonaji wangu zilikuwa zikisema hilohilo katika daftari.

Dakika ya tatu ni ya ugumu na mtetemo. Shika kiganja cha mgonjwa, ukizungushe polepole kwenye kifundo, kisha mwambie afumbe na kufumbua mkono wa pili. Katika Parkinson, ugumu huongezeka mkono wa pili unapofanya kazi, nao huwa sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho wa msogeo, uende haraka au polepole. Ugumu wa kiharusi huwa tofauti: hukamata zaidi unapoharakisha. Kisha mwache aweke mikono mapajani na ahesabu kurudi nyuma kutoka 100. Mtetemo wa Parkinson hujitokeza mkono ukiwa umepumzika, na kwa kawaida hupungua mkono unaponyooka kuchukua kitu. Mtetemo unaojitokeza pale tu mtu anaponyanyua kikombe cha chai, katika mikono yote miwili, na pengine babu yake naye alikuwa nao, kwa kawaida ni wa ugonjwa mwingine.

Baada ya dakika tatu hizo, uliza maswali manne: choo, kunusa, usingizi na mwandiko. Muulize mgonjwa, lakini muulize na aliyemsindikiza. Mke, mume au binti huona yale ambayo mgonjwa ameyazoea.

Mipaka yetu na alama za hatari

Sisemi kwamba mtaalamu wa fiziotherapia atoe hukumu ya ugonjwa. Kazi hiyo ni ya daktari, na hata kwa daktari ni kazi ya uangalifu, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoimaliza. Ninasema tuandike tulichokiona, kwa maneno yanayoeleweka: "Mkono wa kulia haupungi; mwendo wa vidole unadogoka; ugumu upo; nashuku Parkinson; naomba apimwe." Sentensi kama hiyo katika karatasi ya rufaa inaweza kumfupishia mgonjwa safari ya miaka.

Kwanza kabisa, tuulize dawa. Baadhi ya dawa huzuia kazi ya dopamini na kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika ni mojawapo. Haloperidoli na klorpromazini zinazotumika katika magonjwa ya akili ni nyingine. Mgonjwa kama huyo huenda akapona kwa daktari kubadilisha dawa, ilhali sisi tungemfanyisha mazoezi mwaka mzima bila kugusa chanzo. Mgonjwa asiziache mwenyewe. Aliyeziandika ndiye aambiwe.

Pili, zipo alama zinazotuonya kwamba huenda si Parkinson bali ni ugonjwa mwingine wa ubongo unaofanana nao, wenye mwendo wa haraka zaidi na usioitikia dawa vizuri. Mgonjwa anayeanguka kinyumenyume mara kwa mara katika mwaka wa kwanza, anayeshindwa kushusha macho kutazama chini, ambaye shinikizo la damu hushuka mno anaposimama tangu mwanzo wa ugonjwa, au anayehitaji kiti cha magurudumu ndani ya miaka michache, arudishwe kwa daktari haraka. Na kijana mwenye mienendo isiyotulia, kama anayecheza bila kutaka, huku mzazi wake alikuwa na hali hiyohiyo, huenda ana ugonjwa wa Huntington. Huyo naye, pamoja na familia yake, anahitaji ushauri wa pekee.

"Kutambua kuna faida gani?"

Mwenzangu mmoja aliniuliza swali hili bila kumung'unya maneno: bingwa yuko mbali, levodopa ni adimu katika maduka mengi ya dawa, na ugonjwa hauponi. Kwa nini tumpe mtu jina la ugonjwa ambao hatuwezi kuuondoa?

Namjibu kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba jina lenyewe ni tiba ya aina yake. Mshonaji wangu alikuwa ameuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akiamini kwamba amekuwa mvivu. Mkewe alikuwa ameambiwa na ndugu kwamba kuna mtu amefanya jambo. Walipoelezwa kwamba ni ubongo, si uvivu wala husuda, kitu fulani kilitulia katika nyumba ile. Alipoanza levodopa iliyochanganywa na kabidopa, bega lililegea kwa majuma machache kuliko lilivyolegea kwa miezi yangu minne. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Uhaba wake ni jambo la kudai lirekebishwe. Si sababu ya kunyamaza.

La pili linatuhusu sisi moja kwa moja, na hapa tena ushahidi uko kwetu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa za Parkinson. Walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za nje, yaani kuufuata mdundo kwa hatua. Kutembea kwao kuliboreka, wakitembea tu na hata wakitembea huku wakifanya kazi nyingine kwa wakati uleule. Sitaki mtu yeyote autumie utafiti huo kumnyima mgonjwa dawa. Mazoezi na dawa hushirikiana, na kimoja si badala ya kingine. Lakini unaondoa udhuru wetu. Hata pale ambapo kabati la dawa ni tupu, chumba cha fiziotherapia kina cha kutoa.

Sababu ya ishara hizo kufanya kazi inaeleweka. Mwendo wa mazoea, ule usiofikiriwa, hupita katika njia za ubongo zilizopungukiwa dopamini. Mdundo unaosikika au mstari unaoonekana humfanya mtu atembee kwa kukusudia, kupitia njia nyingine ambazo bado ni nzima. Mshonaji wangu aligundua ishara yake mwenyewe. Alitembea akitamka kimoyomoyo mlio wa cherehani ya kukanyaga, ambao miguu yake ilikuwa imeufuata kwa miaka 30, na hatua zake zikarefuka mbele ya macho yangu.

Kupasha joto hakutoshi

Kama tutautambua ugonjwa kisha tukaendelea kupasha joto na kukanda, tutakuwa tumebadilisha jina la faili tu. Mgonjwa wa Parkinson anahitaji mazoezi yenye jasho na yenye kusudi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio zaidi ya 150, yalionyesha kwamba aina nyingi za mazoezi husaidia mwendo na ubora wa maisha. Kwa hiyo tusigombanie jina la zoezi. Tuhakikishe linafanywa, na linaendelea.

Kwa maoni yangu, mpango mzuri una mambo matano. Kutembea kwa kasi, kiasi kwamba mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, kwa nusu saa, siku tatu au zaidi kwa juma. Mienendo mikubwa kwa makusudi: mikono ifunguke mpaka mwisho, hatua iruke kizingiti cha kufikirika, sauti itoke kwa nguvu. Nguvu za miguu, kwa kusimama na kuketi mara nyingi kutoka kwenye kiti. Kujisawazisha na kugeuka, kwa kuzunguka kwa duara pana badala ya kujipinda papo hapo. Na hatimaye, kazi halisi za nyumbani: kubeba ndoo, kupanda daladala, kunyanyuka kutoka mkekani.

Mazoezi mapya yafundishwe wakati dawa inafanya kazi vizuri, kwa kawaida saa moja hivi baada ya kuimeza. Ndiyo maana ni kosa kumpangia mgonjwa miadi ya saa mbili asubuhi wakati dozi yake ya kwanza inaanza kufanya kazi saa tatu. Na kabla ya kumsimamisha, tumpime shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, kwa kuwa ugonjwa wenyewe na dawa zake vyaweza kulishusha.

Kwa mgonjwa na walio nyumbani kwake

Ndugu msomaji unayeishi na ugonjwa huu, au unayemtunza mzazi mwenye ugonjwa huu, haya yaliyobaki ni yako.

Miguu ikiganda penye mlango au kona, usishindane nayo. Simama, nyoosha mgongo, hamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule mara mbili tatu, hesabu "moja, mbili", kisha piga hatua kubwa. Anayekusaidia asikuvute mkono, maana kuvuta huleta anguko. Aweke wayo wake mbele yako, nawe uuvuke. Mistari ya utepe wa rangi iliyobandikwa sakafuni mahali miguu inapoganda mara kwa mara hugharimu kidogo na husaidia sana.

Ukitaka kunyanyuka kitini, sogea kwanza ukingoni, rudisha nyayo nyuma ya magoti, inama mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha simama. Kigoda kifupi ni adui. Tafuta kiti kirefu chenye mikono. Kandambili ziachwe, maana hulazimisha miguu kuburura. Vaa viatu vinavyoshika kisigino. Mikeka iliyopinda ncha iondolewe njiani, na penye choo cha kuchuchumaa pawekwe nguzo imara ya kushikilia. Taa iwepo usiku. Ukitoka katika sijida, au ukitoka kitandani, kaa kidogo kabla ya kusimama.

Meza dawa kwa saa zilezile kila siku, na usiiache ghafla hata kama unajisikia nafuu. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta hali ya hatari. Baadhi ya wagonjwa huona dawa inafanya kazi vizuri zaidi ikinywewa nusu saa au zaidi kabla ya mlo wenye nyama, samaki au maharage. Anayekusudia kufunga Ramadhani aonane na daktari wake mapema ili wazungumze kuhusu dozi. Dawa ikikaribia kwisha, anza kuitafuta juma moja kabla.

Na wewe uliye mtunzaji, usimfanyie mgonjwa kila kitu kwa huruma. Kufunga vifungo vya shati kwa dakika kumi ni zoezi pia. Mpe muda.

Tunachopaswa kubadili

Naomba mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, karatasi ya mgonjwa mpya wa fiziotherapia aliyefikisha miaka 50 iwe na mstari mmoja wa kujaza: "Mwendo wake umeonekanaje?" Awe amekuja kwa bega, mgongo au goti, mstari huo usibaki mtupu. Wanafunzi wetu wafundishwe kuujaza kabla hawajafundishwa kutumia mashine yoyote.

La pili, madaktari wenzetu watuletee mgonjwa siku anapotambuliwa, si siku anapoanguka. Katika hatua za mwanzo, mwili bado una akiba ya kujifunza. Tabia ya mazoezi ikijengwa wakati huo, hudumu. Na muuguzi wa kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita majumbani, wafundishwe kuona mkono usiopunga. Wao ndio wanaowaona watu wakitembea.

La tatu, tuache kumwandikia mgonjwa huyu "amemaliza matibabu". Ugonjwa unaobadilika kila mwaka hautibiwi kwa vipindi kumi na kuagana. Aitwe kila baada ya miezi michache, apimwe upya, mpango urekebishwe. Pale wagonjwa wanapokuwa kadhaa, wakusanywe wafanye mazoezi pamoja, kwa kuwa aliyenyamazishwa na ugonjwa huu huinua sauti haraka zaidi mbele ya mwenzake kuliko mbele yangu.

Mshonaji wangu hakurudia kasi yake ya zamani, na cherehani aliyoiuza haikurudi. Hilo ni deni ambalo sehemu yake ni yangu. Lakini alishona kwa miaka mingine kadhaa, kazi nyepesi, asubuhi baada ya dawa kushika. Kila alipokuja kliniki alikuja na daftari lake, nasi tuliufungua ukurasa wa mwisho kwanza, kabla hata hajavua koti. Tulitazama tarakimu zimekaaje, kisha nikamwomba arudi mlangoni, aingie tena, nami nimtazame.